Taa Yenye Kiota cha Nyigu

Mthamini aliinuka kwenye kiti mara ya saba, na asubuhi ya Jumamosi ilikuwa bado changa. Alikwenda mpaka mlango wa jikoni, akakumbuka kwamba hana shida yoyote jikoni, akarudi. Mezani palikuwa na maboksi mawili ya mafaili ya serikali, na juu ya mafaili zilitandazwa picha za taa ya mbele ya gari, taa ya kushoto, iliyopasuka. Alizigeuza kifudifudi. Akakaa. Akazigeuza tena, kwa sababu jambo likishaonwa halifutiki kwa kulalishwa tumbo.

Kazi yake, kwa ambaye hajawahi kugongwa, ni hii. Gari likipata ajali na mwenyewe akadai kampuni ya bima, mthamini hutumwa gereji na kamera na karatasi. Analizunguka gari, analigonga kwa kidole, anachungulia chini, kisha anaandika: hiki kinyooshwe, hiki kibadilishwe. Kampuni hulipa kwa neno lake. Miaka ishirini na miwili alikuwa ameandika hivyo, kwa mwandiko uliolala upande, na hakuna fundi bodi wala karani wa bima mjini asiyeutambua.

Ndiyo maana bei ya bima ya magari ilipopanda mpaka watu wakawa hawana mada nyingine redioni, na Waziri akaunda Kamati ya kuishusha katika siku tisini, yeye alikuwa mmoja wa wathamini wanne walioitwa kama wataalamu. Siku barua ilipofika aliisoma kwa sauti mezani. Akampigia simu dada yake, akamsomea na yeye. Kisha akaibandika kwenye friji, mahali ambapo mgeni yeyote aombaye maji ya baridi hana budi kuiona. Mke wake aliivumilia wiki tatu.

Kamati ilianza kama kamati zote zinavyoanza. Kikao cha kwanza kilikwisha kwa kubishana nani akae upande wa feni. Hatimaye kampuni za bima zikaleta takwimu zao, na takwimu zikasema kwamba aina moja ya gari, lile jeupe la familia ambalo nusu ya teksi za mji ni hilo, lilikuwa likidaiwa kuliko mengine yote, na hasa taa yake ya mbele ya kushoto. Mwenyekiti, mama mmoja aliyestaafu uhakimu na ambaye macho yake hayakuwa yamestaafu, alisema inaelekea gari hilo lina ugonjwa wa jicho. Watu walicheka kadiri mwenyekiti anavyostahili kuchekewa. Kisha likaandikwa pendekezo: magari ya aina hiyo yawekewe nyongeza ya bima, ili mengine yapunguziwe. Lingepitishwa Jumatatu.

Hapo ndipo Mthamini alipofanya kimbelembele. Hakuna aliyemtuma. Alisema atayachukua mafaili ya madai ya taa akayapitie nyumbani mwisho wa wiki, wasije wakasemwa kwamba hawakuangalia. Mwenyekiti alimshukuru mbele ya wote, na yeye akabeba yale maboksi mpaka kwenye gari lake akijiona mtu.

Sasa yalikuwa mezani kwake. Kati yake kulikuwa na mafaili kumi na manne, ya miaka tisa, ya kampuni nne tofauti, ya magari yenye namba tofauti na wenyewe wasiojuana, na katika kila faili picha ya taa moja. Si taa zinazofanana. Taa moja. Ufa wake ulikuwa umechanuka kama mguu wa kuku, na ndani, kwenye pembe ya chini, nyigu alikuwa amejenga kiota cha udongo cha ukubwa wa karanga. Katika faili la kwanza kabisa kiota hakikuwepo. Nyigu alihamia baadaye. Katika mafaili kumi na matatu yaliyofuata alikuwa mpangaji wa kudumu. Nyigu gani huyo anayeishi nyumba moja katika magari kumi na matatu?

Mthamini hakuhitaji kupeleleza. Aliijua taa ile. Ilikaa kwenye rafu ya gereji ya shemeji yake, juu ya redio, na yeye mwenyewe alikuwa amekunywa chai chini yake miaka yote hiyo. Siku moja hata alimtania shemeji kwamba nyigu huyo amtoze kodi.

"Unatafuta nini jikoni kwangu tangu alfajiri?" mke wake aliuliza. Wana watoto pacha, wameshaondoka nyumbani, lakini wao bado wanaitana Mama Pacha na Baba Pacha.

"Sitafuti kitu, Mama Pacha."

"Basi kipate uketi."

Hakuketi. Alitoka.

Nje ya geti jirani yake, dereva wa teksi, alikuwa anapangusa vumbi juu ya turubai. Chini ya turubai kulikuwa na gari jeupe, la aina ileile. Miezi miwili halikuwa limetoka. Bima ilikuwa imeisha, na bei mpya alipoiuliza alidhani karani anamtania. Gari lisilo na bima haliruhusiwi barabarani, kwa hiyo kila asubuhi jirani alilifunua, akaliwasha betri isife, akalifunika, akaenda kutafuta kibarua kwa miguu.

"Jirani! Kamati inasemaje?"

Alimuuliza hivyo kila siku, kwa tabasamu la mtu aliyebahatika kuishi karibu na mkubwa. Mthamini alijibu kwamba wanaendelea, wanaendelea, akapita haraka, na njia nzima akawa anajichukia kwa kusema mara mbili.

*

Gereji ilikuwa kwenye ua wa mbele ya nyumba, na milango yake miwili ya bati ilikuwa wazi. Fundi alikuwa amelala chini ya gari, miguu nje. Huyu ndiye mume wa dada yake. Mama yao alipofariki, Mthamini alikuwa na miaka kumi na mmoja, na dada yake alikuwa bibi arusi wa mwezi wa pili. Alirudi kwa mumewe na sanduku mkono mmoja na mdogo wake mkono wa pili, na yule bwana hakuuliza atakaa mpaka lini. Alimwonyesha kitanda. Baadaye akamwonyesha nyundo, msasa, na jinsi ya kusikiliza bati kwa kidole. Kila alichokijua Mthamini kuhusu gari, mzizi wake ulikuwa pale. Alimpenda mtu yule, na asubuhi hiyo mapenzi yenyewe yalikuwa mzigo.

"Shemeji."

"Shemeji, karibu. Vuta kiti, kile chenye miguu minne."

"Ile taa iko wapi?"

"Taa ipi? Hapa taa ni nyingi kuliko macho."

"Yenye kiota."

Miguu chini ya gari ikatulia. Fundi akajivuta nje taratibu, akajipangusa mikono, akanyoosha mkono na kuzima redio. Taa ilikuwa palepale juu yake, na vumbi lake.

"Iko kwenye mafaili kumi na manne," Mthamini alisema. "Ninayo nyumbani. Moja ni halali, ile ajali ya kwanza. Kumi na matatu hapana."

"Kumi na matatu tu? Mimi nilidhani zaidi."

"Sicheki."

"Na mimi sicheki. Nakupa hesabu." Fundi akakaa juu ya tairi. Nywele zake zilikuwa na vumbi la rangi, huwezi kujua mvi ni zipi. "Wewe unajua, Shemeji, usijifanye mgeni. Napeleka makadirio kwenye kampuni ya bima, wanakata. Hata ukiandika haki tupu, wanakata. Mteja anataka gari lake, na mimi nataka kununua rangi. Basi natia taa kwenye dai hilo. Wao wanakata, taa inajaza lile pengo. Hakuna aliyeiba hapo. Tunapunjana tu."

"Na kampuni inafidia kwa nani?"

"Kampuni haijawahi kulala njaa."

"Inafidia kwa jirani yangu. Hajawahi kupata hata mkwaruzo. Gari lake liko chini ya turubai kwa sababu takwimu zinasema taa yake ya kushoto inapasuka kila siku. Na Jumatatu tunampandishia tena."

Fundi aliichungulia taa kule juu ya rafu. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Angekuwa mbaya, kazi ingekuwa nyepesi.

"Ya kale hayanuki," alisema mwishowe. Akaishusha taa kwenye rafu, akaiweka sakafuni, akachukua nyundo. "Pigo moja tu na hakuna taa. Picha ni picha. Nani atasema imetoka hapa?"

Mthamini alijua kwamba ni kweli. Hakuna mwingine katika Kamati aliyekuwa na jicho la kuliona lile tone la udongo. Angeyarudisha maboksi Jumatatu, angesema ameyapitia, na dunia ingeendelea na safari yake. Alitazama nyundo. Na hapo, kwa mara ya kwanza, aliona mpini wake.

Ulikuwa na alama ya rangi ya kijani. Bisibisi zote ukutani zilikuwa na alama ya kijani. Spana, jeki, hata ndoo ya maji.

Wathamini wana desturi yao. Kifaa kikishaandikwa kwamba kibadilishwe, kile kibovu hupakwa alama ya rangi, kisije kikadaiwa mara ya pili, na kila mthamini ana rangi yake. Kuna mwenye nyekundu, kuna mwenye njano. Yeye alikuwa kijani. Siku ya ajali ile ya kwanza mgongo ulikuwa unamuuma, magari yalikuwa mengi, na jua lilikuwa linazama. Akaichomoa chupa mfukoni akampa Fundi. "Shemeji, nikishaondoka, ukimaliza kuifungua taa itie alama mwenyewe." Kesho yake hakuifuata chupa. Akanunua nyingine, na hiyo nayo akaiacha gereji ya pili, kwa sababu lililowezekana kwa shemeji liliwezekana kwa wengine. Mpaka mwisho hata picha zikawa zinapigwa na mafundi na kutumwa kwa simu, na yeye anatia sahihi akiwa amevua viatu. Wenzake walimwona akimaliza kazi mapema, wakaiga.

Miaka tisa alikuwa akiziona bisibisi zile za kijani, na taa haina hata tone. Alifikiri ni heshima.

"Ngoja," alisema.

"Nangoja nini?"

"Ngojeni chai," ilisema sauti mlangoni. Dada yake alikuwa amesimama na chupa ya chai na vikombe, na kwa jinsi alivyosimama ilikuwa wazi kwamba hakufika sasa hivi. Alimimina vikombe viwili kana kwamba hakuna nyundo wala taa. Kisha akakaa kwenye kiti chenye miguu minne.

"Endeleeni. Msinyamaze kwa ajili yangu, nimeshasikia."

Akamgeukia Mthamini.

"Mdogo wangu, wanawafanyaje watu wa namna hii?"

"Gereji inaondolewa kwenye orodha ya kampuni za bima. Labda inafungwa kwa muda. Labda faini."

"Na mtu aliyemwachia rangi?"

Mthamini aliangalia chai yake. Ilikuwa chai ya kawaida, na hakuweza kuinywa.

"Nimekuuliza neno."

"Leseni," alisema. "Wanaweza kuichukua."

Dada yake alitikisa kichwa polepole. Alikuwa amepita sitini, na alipotikisa kichwa hivyo Mthamini alirudi kuwa na miaka kumi na mmoja, amevunja kikombe.

"Mimi sikuzuii kusema," dada alisema. "Huyo jirani yako ana watoto, na mimi nilikulea hapa kwa jasho la huyu bwana, si kwa taa. Alipoanza na mambo ya taa sikuulizwa. Lakini nisikilize. Ukienda huko mbele ya wakubwa ukaanza na la mume wangu, ukamtanguliza yeye wewe ukajificha nyuma, mlango wangu usiujue tena. Anza na lako. Ukishamaliza lako, lake liseme lote, usimfunike hata kidole."

"Mama!" Fundi alisema. "Unanimaliza."

"Ulijimaliza zamani. Mimi nafungasha tu."

Akamtoa mumewe nyundo mkononi, akaifunga taa kwa kitambaa cha kufutia magari, fundo moja, mafundo mawili, akamwekea mdogo wake mikononi. Ilikuwa nyepesi kuliko alivyodhani.

*

Jumapili haikuwa na mwisho. Mthamini aliosha gari lake, akaliosha tena. Alipanda juu ya kiti kubadilisha balbu iliyokuwa nzima. Alifungua ile taa, akamtafuta nyigu, akakuta kiota kitupu, akaifunga. Mchana alikaa kuandika atakachosema, akaandika, akachana, na kikapu kikajaa mipira ya karatasi. Mama Pacha, ambaye alikuwa ameshaelezwa yote na hakusema neno ila "Aa", aliiokota moja akainyoosha.

"'Kuna gereji moja ambako vifaa vibovu havikutiwa alama,'" alisoma. "'Chupa ya rangi ya mthamini ilifika mikononi mwa fundi.'" Akamtazama juu ya miwani. "Ilifika kwa miguu?"

"Hiyo ni lugha ya ripoti."

"Ni lugha ya kukimbia. Baba Pacha, unamwogopea dada yako, au unajiogopea wewe?"

Alitaka kusema dada. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni, limevaa vizuri, na lingesikika jema. Lakini alikumbuka barua kwenye friji, na jinsi alivyokuwa akitembea na maboksi yale. Usiku na mchana alikuwa amejiambia kwamba kinachomkosesha raha ni shemeji yake. Shemeji alikuwa na hatia yake, naam. Ila lililomwinua kitini kila dakika lilikuwa jina lake mwenyewe kwa mwandiko uliolala, chini ya picha tatu kati ya zile kumi na tatu.

"Najiogopea mimi," alisema.

"Haya. Sasa angalau tunajua nani anahitaji chai."

*

Chumba cha Kamati kilikuwa ghorofa ya tatu, kina meza ndefu yenye kitambaa cha kijani na chupa za maji zilizopangwa kama askari. Wathamini wenzake watatu walikuwa upande wa feni, walikuwa wamewahi nafasi. Mthamini aliweka kifurushi miguuni na kila mara alikigusa kwa kiatu kuhakikisha bado kipo, kana kwamba angeshukuru kisiwepo.

Ajenda ya kwanza ilipita. Ya pili ikapita. Ya tatu ndiyo iliyokuwa nyongeza ya magari meupe. Mwakilishi wa kampuni za bima alisoma takwimu zake kwa sauti ya mtu anayesoma hali ya hewa. Katibu akasoma pendekezo. Mwenyekiti akavua miwani.

"Mtaalamu wetu aliyapitia mafaili ya taa. Kuna neno, au tupitishe?"

Mthamini alisimama. Ile sentensi ya ripoti ilikuja yenyewe, laini, imeshajipanga, ikamtangulia mdomoni.

"Kuna gereji moja..."

Akaacha. Feni ilikuwa inazunguka. Akilini alimwona dada yake kwenye kiti chenye miguu minne, amejishika mikono.

"Samahani, Mwenyekiti. Naanza upya. Miaka tisa iliyopita nilimwachia fundi chupa yangu ya rangi."

Mmoja wa wathamini wenzake alikuwa anakunywa maji. Aliishusha glasi bila kumeza.

Aliposhika njia, ilikuwa rahisi kuliko kuosha gari. Alieleza desturi ya alama, mgongo wake uliouma, chupa ya pili na ya tatu, picha za simu, sahihi zake tatu. Alieleza hayo yote kabla ya kuinama na kufungua kile kitambaa. Kisha akaiweka taa mezani, akaeneza picha kumi na nne kuizunguka, na kwa ncha ya kalamu akaonyesha kiota, picha baada ya picha. Mwakilishi wa bima aliinuka kuja kutazama. Katibu naye. Hata mhudumu aliyeleta maji alichungulia.

"Kwa hiyo gari halina ugonjwa wa jicho," Mwenyekiti alisema.

"Halina, Mwenyekiti. Ugonjwa ni wetu."

"Gereji ni ya nani?"

Alitaja mtaa, akataja geti.

"Na huyo fundi ni nani kwako?"

"Ni mume wa dada yangu. Ndiye aliyenilea na kunifundisha kazi. Aliniambia sababu yake: kampuni zinakata makadirio hata yakiwa ya haki, na yeye anatia taa kujaza pengo. Haimsafishi. Lakini naomba nayo iandikwe, kwa sababu ni kweli."

Mwakilishi wa bima ghafla akawa na jambo la kutafuta kwenye mkoba wake. Mwenyekiti alimtazama kwa muda, akaandika. Kisha akawageukia wale wathamini watatu waliokaa kwenye upepo.

"Na nyinyi? Wekeni chupa zenu mezani."

Walijipapasa. Ilikuwa aibu kutazama, watu wazima wakijigusa mifuko ambayo wanajua ni mitupu. Mwenye nyekundu alifungua mkoba akaufunga. Mwenye njano alisema yake ameisahau kwenye gari, na alipoambiwa akailete, aliketi. Chupa haikutoka hata moja.

Pendekezo la nyongeza halikupita. Badala yake iliandikwa kwamba kuanzia sasa kifaa kibovu kichukuliwe na kampuni yenyewe, kisibaki gereji, na kwamba mafaili ya rangi zote nne yafunguliwe, pamoja na makadirio yaliyokatwa. Mthamini aliombwa aache leseni yake kwa Katibu mpaka uchunguzi uishe, na asirudi kwenye Kamati. Mwenyekiti alilisema hilo bila ukali na bila kumshukuru. Taa ilibaki mezani kama ushahidi. Maafisa wawili walitumwa gereji papo hapo.

Alishuka ngazi za ghorofa tatu na mikono yake ilikuwa haina pa kukaa.

Getini kwao jirani alikuwa analifunika gari.

"Kamati inasemaje?"

"Haikupandisha."

"Yaani imeshuka?"

"Haikupandisha, jirani. Kushuka bado. Na mimi simo tena, kwa hiyo utaniuliza habari nyingine."

Jirani alifikiri kidogo, turubai mkononi. Kisha akaliacha gari wazi nusu, akasema litapata hewa.

Mthamini hakuingia ndani. Aliendelea na njia mpaka kwa dada yake. Milango miwili ya bati ilikuwa imefungwa kwa mnyororo mpya na karatasi yenye mhuri, na kwenye ngazi ya nyumba, mahali asipoweza kupita bila kuiona, ilikuwa imewekwa chupa yake ya rangi ya kijani. Aliiokota. Ilikuwa imekauka mpaka chini, kifuniko kimegandana. Alibisha hodi.

"Nani?"

"Mimi, Dada."

Hakuna aliyekuja. Alisikia sufuria ikiwekwa chini, kisha hatua, kisha hatua zikasimama upande wa pili wa mlango, karibu sana.

"Ulianza na la nani?"

"Langu."

"Lote?"

"Chupa, na zile sahihi tatu. Nusura nianze na lake. Nilishafungua mdomo. Nikarudi."

Mthamini alisimama pale na chupa yake, mtu wa miaka hamsini na ushee, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa hakutaka kwenda popote. Kama mlango usingefunguka angesimama tu.

Komeo likavutwa. Dada yake hakumtazama usoni. Macho yake yalikuwa mekundu na yalikuwa kwenye ile chupa.

"Shemeji yako hajala tangu walipokuja na ule mnyororo," alisema. "Hataki kula na mimi. Nenda ukale naye."

Akasogea, akampisha.